Choa cha ndama: mwarobaini, kitunguu saumu na kinga ya mwili

*"Daktari, nina ndama saba wa kati ya miezi mitatu na minane. Mwezi uliopita mmoja alitokwa na baka la duara karibu na jicho, nywele zikakatika, pakabaki magamba ya kijivu. Sasa wanne wanayo, usoni, masikioni na shingoni. Niliwachoma sindano ya ivermectin, haikubadilisha kitu. Mfugaji mwenzangu ananiambia nitwange kitunguu saumu na majani ya mwarobaini, nichanganye na mafuta nipake, halafu niwanyweshe kitunguu saumu na manjano na kuwachoma multivitamini ili kinga ipande. Anasema wa kwake walipona wote ndani ya miezi miwili. Sipendi kemikali kwa sababu maziwa ya mama zao tunakunywa. Je, tiba hiyo inafaa? Na binti yangu wa miaka tisa, ambaye ndiye huwashika ndama wakati wa kunyweshwa, ametokewa na duara jekundu mkononi. Inaweza kuwa ni kitu kimoja?"*

Naanza na binti, kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kusubiri. Ndiyo, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni kitu kimoja. Choa cha ng'ombe huhamia kwa binadamu kwa kugusana, na wanaokipata zaidi ni wale wanaoshika ndama kila siku. Kwenye ngozi ya mtu fangasi huyu huwa mkali: panaweza kuvimba, kuuma na kutoa usaha, hasa kichwani na penye ndevu. Mpeleke hospitali, na mwambie daktari waziwazi kwamba mtoto anashika ndama wenye choa, maana habari hiyo inamsaidia kujua anatafuta nini. Kwa duara la mkononi mara nyingi krimu ya fangasi inatosha. Likitokea kichwani, krimu haifiki kwenye mashina ya nywele, kwa hiyo huhitajika vidonge. Usimpake krimu ya steroidi ya kuondoa muwasho: wekundu utapungua, mtadhani amepona, kumbe fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini. Na huo mchanganyiko wa ndama usiguse mkono wake kabisa.

Mpaka apone, mtu mwingine awashike ndama, tena akiwa amevaa glavu na nguo ya mikono mirefu ambayo haiingii ndani ya nyumba. Taulo la mtoto liwe lake peke yake. Kuhusu maziwa, tulieni: fangasi huyu anaishi kwenye ngozi na nywele, hapiti kwenye maziwa.

Sasa tuje kwa ndama. Kwa maelezo yako, yaani umri wao, duara karibu na jicho, magamba ya kijivu, kisha kuenea masikioni na shingoni, hii ina sura zote za choa. Kwa ng'ombe husababishwa zaidi na fangasi aitwaye Trichophyton verrucosum. Ivermectin haikusaidia kwa sababu haiwezi kusaidia. Dawa hiyo huua minyoo ya duru, utitiri wa upele na chawa wanaonyonya damu. Fangasi haimgusi hata kidogo. Wafugaji wengi huichoma kwa kila tatizo la ngozi, na nakuomba usirudie sindano ya pili kwa ajili ya choa.

Ili uweze kuipima tiba ya mwenzako, au tiba nyingine yoyote, ni lazima kwanza ujue fangasi huyu anavyofanya kazi. Huenea kwa mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, tuziite spora. Spora ikitua kwenye ngozi iliyochubuka kidogo, kwa mfano pale ndama anapojisugua kwenye nguzo au anapoumwa na chawa, au kwenye ngozi inayokaa na unyevu, huota. Hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha keratini, ile protini inayojenga nywele, kwato na tabaka la juu la ngozi. Hiyo keratini ndiyo chakula chake. Huteremka kandokando ya unywele mpaka karibu na shina, na unywele uliodhoofika hukatika juu kidogo ya ngozi. Ukivaa glavu na kuvuta nywele chache za ukingoni mwa baka utaliona jambo hili kwa macho: hazing'oki kama nywele nzima, hukatika, na chini zimeviringwa unga wa kijivu. Unga huo una spora kwa wingi usiohesabika.

Fangasi haingii kwenye nyama hai. Uvimbe, ngozi nene na magamba ni kazi ya mwili wa ndama unaopigana naye. Mahali mapambano yalipopamba moto fangasi hawezi kukaa, kwa hiyo husogea nje kutafuta keratini mpya, na baka hukua kwa kupanuka pembeni. Kuanzia spora kutua hadi baka kuonekana hupita wiki moja hadi nne. Ndiyo maana unaona leo matokeo ya mgusano wa mwezi uliopita, na ndiyo maana hao ndama watatu wanaoonekana wazima usiwahesabu kuwa wamenusurika.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Ndama mwenye afya hupona choa mwenyewe, bila dawa, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja hadi minne tangu mabaka yaonekane. Kinachomponya ni seli za kinga zinazojifunza kumtambua fangasi huyu na kuifukuza ngozi iliyoshikwa. Akishapona, kinga hiyo humlinda kwa muda mrefu sana, mara nyingi kwa maisha yake yote. Choa huonekana mno kwa ndama na kidogo kwa ng'ombe wakubwa kwa sababu hiyohiyo: wakubwa wengi walishakutana nacho.

Kwa hiyo, mwenzako anaposema wa kwake walipona kwa miezi miwili baada ya kupaka mwarobaini, namwamini. Lakini wangepona kwa miezi miwili hata kama angepaka maji ya kisimani. Tiba za choa cha ng'ombe zimejaa kila mahali, na karibu kila moja ina mashahidi wa kweli, kwa sababu ugonjwa wenyewe huondoka. Tiba inayofaa ni ile inayofanya zaidi ya kusubiri: inayopunguza spora, inayozuia maambukizi kwa wengine, inayofupisha ugonjwa, na isiyomuumiza mnyama.

Ukitaka kujua kama dawa yako inafanya kazi, kuna njia rahisi. Chagua ndama mmoja mwenye mabaka mawili yanayolingana, yote yakiwa mbali na jicho, kwa mfano moja kila upande wa shingo. Lioshe na kulipaka la kushoto kila siku, la kulia liache. Yapige picha yote mawili kila wiki. La kushoto likianza kuota nywele mapema kuliko la kulia, una sababu ya kuendelea. Yakipona pamoja, basi kinga ya mwili ndiyo iliyofanya kazi, wewe umetumia jasho bure. Kwa choa mimi nauthamini ulinganisho huu mdogo kuliko ushuhuda wa wafugaji kumi.

Tuzitazame sasa hizo dawa za mimea zenyewe. Kitunguu saumu kibichi kikitwangwa hutoa alisini, na alisini huua fangasi wengi kwenye sahani za maabara. Hilo ni kweli. Lakini sahani ya maabara haina magamba mazito, haina nywele, na fangasi wake hajajificha ndani ya mfuko wa unywele. Zaidi ya hapo, kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi. Kikiachwa kwenye ngozi iliyochubuka huacha malengelenge na kidonda, na kidonda huleta nzi na bakteria. Ukishikilia kukitumia, kiwe kidogo ndani ya mafuta mengi, kijaribiwe kwanza mahali padogo kwa siku moja, na kisikaribie jicho. Ndama wako wana mabaka usoni, kwa hiyo mimi nisingekitumia kwao.

Mwarobaini ni mpole zaidi. Mafuta ya mbegu zake na majani yake vina uwezo fulani dhidi ya fangasi, na mafuta yana faida ambayo watu huisahau: hulainisha magamba yakatoka bila kuchubua ngozi. Hata mafuta ya nazi matupu hufanya hivyo, na asidi za mafuta zilizomo ndani yake nazo humsumbua fangasi. Upakaji wa mwarobaini kwenye mafuta ya nazi sioni sababu ya kukukataza, mradi usimnyweshe ndama mafuta ya mwarobaini. Mshubiri hutuliza ngozi iliyowaka. Kumwondoa fangasi ni habari nyingine. Manjano hayana madhara yakipakwa, ila yanatia rangi, nawe utashindwa kuona ngozi inavyobadilika. Maji ya ndimu na limau yaache kabisa: yakikauka juani yanaweza kuunguza ngozi, hasa penye manyoya meupe. Kuna mmea uitwao Senna alata, wenye maua ya njano yaliyosimama kama mishumaa, ambao umetumika kwa choa cha watu katika nchi nyingi za joto, na kwa upakaji ninauona una msingi kuliko mingi. Majani yake yasiliwe na ng'ombe, kwa sababu huharisha.

Kunywesha ni suala jingine, na hapo sikubaliani na mwenzako. Ng'ombe ni wepesi kudhurika na jamii ya vitunguu. Kemikali za salfa zilizomo huharibu chembe nyekundu za damu, na mnyama aliyekula kwa wingi hupungukiwa damu na kukojoa mkojo wa rangi ya kahawia. Kitunguu maji ndicho kibaya zaidi, lakini kitunguu saumu ni ndugu yake. Punje chache hazitamuua ndama, wala hazitamtoa choa, kwa sababu alisini haifiki kwenye unywele kwa kupitia tumboni. Tena ndama akinyweshwa kwa nguvu kichwa kikiwa juu, mchanganyiko wa mafuta unaweza kuingia kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo ni ngumu sana kuponya. Kumpoteza ndama kwa dawa ya ugonjwa ambao ungeisha wenyewe ni hasara inayouma.

Hata hivyo mwenzako ana haki katika jambo kubwa: kinga ndiyo kila kitu. Ushahidi mzuri tunao. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Kisovyeti walitengeneza chanjo ya choa kutokana na fangasi hai aliyepunguzwa makali. Norwe ilianza kuichanja mifugo yake mwishoni mwa miaka hiyo, na choa, kilichokuwa kimeenea, kikapungua mno. Huchomwa mara mbili, kwa kupishana wiki mbili hivi. Haipatikani kila nchi, ila muulize daktari wako wa mifugo, hasa ikiwa kila kundi la ndama wako linapata choa.

Pasipo chanjo, kinga haipandishwi kwa kuongeza kitu juu ya mwili ulioshiba. Hupanda pale unapoziba pengo. Ndama aliyekosa vitamini A huwa na ngozi kavu, nene na dhaifu. Majani mabichi yana malighafi yake tele, lakini nyasi zilizokauka na kukaa muda mrefu hazina. Kama wako wamekula nyasi kavu tupu kwa miezi, sindano moja ya vitamini A, D na E iliyopimwa kwa uzito ina maana. Kama wanakula majani mabichi kila siku, sindano hiyo haiongezi lolote, na vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, kwa hiyo kuirudiarudia kunaweza kuleta sumu. Zinki na shaba nazo zinahitajika kwa ngozi na kinga, na njia salama ni jiwe la madini la ng'ombe. Seleniamu usiicheze kwa kukisia: tofauti kati ya kiasi kinachofaa na kinachoua ni ndogo.

Kisha tazama kinachoivuta kinga chini, maana mara nyingi jibu limekaa huko. Ndama walipata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ya kutosha siku ya kwanza? Wana minyoo au wanaharisha? Waliachishwa maziwa ghafla? Wamebanana kwenye banda lenye giza na unyevu? Watoe nje kwenye jua na hewa, wape nafasi, waongezee chakula chenye protini. Wafugaji wa nchi za baridi wanajua kwamba choa hushamiri ndama wanapofungiwa ndani, kisha hupungua wakitolewa malishoni. Kwa ndama wako hili nalitanguliza kabla ya dawa yoyote ya kupaka.

Kuhusu hofu ya kemikali kwenye maziwa, nikutoe wasiwasi kidogo. Unaowatibu ni ndama, wanaokamuliwa ni mama zao. Dawa inayopakwa kwenye shingo ya ndama haiendi kwenye kiwele cha mama yake, isipokuwa ndama ananyonya mwenyewe na kumsugua. Hapo dawa ikauke kwanza, na kiwele kioshwe kabla ya kukamua. Dawa za kupaka zinazojulikana ni hizi: ayodini ya vidonda, mchanganyiko wa chokaa na salfa wa asilimia 2 hadi 5, krimu za miconazole au clotrimazole kwa mabaka machache, na enilconazole ya kuoshea, ambayo huzimuliwa hadi asilimia 0.2 na kurudiwa mara 3 au 4 kila baada ya siku 3. Hata hizi, niwe mkweli kwako, haziponyi kwa siku mbili. Faida yao kubwa ni kuua spora zilizo juu ya ngozi, ndama asiendelee kuzimwaga bandani. Soma maelekezo ya siku za kusubiri maziwa na nyama, na kila nchi ina sheria yake kuhusu dawa zipi zinaruhusiwa kwa mnyama wa chakula. Griseofulvin, vidonge vya fangasi vya zamani, imekatazwa kwa wanyama hao katika nchi nyingi na huharibu mimba, kwa hiyo usikubali ikiletwa.

Oili chafu ya gari, mafuta ya taa, dizeli na maji ya betri visiguse mnyama. Huunguza ngozi, ndama huvilamba, na oili chafu hubeba metali nzito kama risasi. Mrututu nao una sumu ya shaba ukilambwa. Watu huviamini kwa sababu ileile niliyoieleza: baka lilipona baadaye.

Ningekuwa nawe bandani, ningefanya hivi. Ningewatenga wanne wenye mabaka, na watatu wengine ningewahudumia kwanza kila asubuhi kabla ya kuwagusa wagonjwa. Ningelainisha magamba kwa mafuta ya nazi au maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nikangoja kama nusu saa, kisha nikayatoa taratibu kwa brashi laini nikiwa na glavu, bila kukwangua hadi damu. Magamba yote ningeyakusanya kwenye gazeti na kuyachoma moto. Baada ya hapo ningepaka ayodini, au mwarobaini wako kwenye mafuta ukipenda hivyo, nikianzia nje ya ukingo wa baka na kuingia ndani, kila siku kwa siku tano, kisha mara moja kwa wiki. Karibu na jicho ningetumia mafuta ya nazi peke yake. Dalili ya kupona ni gamba kulegea na kuacha ngozi laini, kisha vinyweleo vyembamba kuchipua katikati.

Banda lisisahaulike. Spora mahali pakavu na penye kivuli huweza kuishi miaka minne au zaidi, na ndama wa mwakani watazikuta. Ondoa samadi na matandiko, sugua nguzo, hori na mageti kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi. Halafu paka dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, iache dakika kumi au zaidi, madirisha yakiwa wazi na ndama wakiwa nje. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine. Kamba na brashi za ndama wagonjwa zisitumike kwa wazima. Mnyama mpya akae peke yake wiki nne kabla ya kujiunga na wengine.

Mwite daktari wa mifugo kama mabaka yanafunga jicho, kama yameenea sehemu kubwa ya mwili, kama ndama anakonda au anaharisha, au kama miezi minne imepita bila nywele kuota. Mwite pia kama picha haifanani na niliyoieleza. Wakijikuna sana usiku na mchana, huenda ni upele wa utitiri. Magamba yakinyanyuka na vishungi vya nywele vilivyoshikamana kama brashi ya rangi, chini kukiwa na usaha, hasa wakati wa mvua, huenda ni Dermatophilus congolensis, ambaye ni bakteria na hutibiwa kwa antibayotiki. Vinundu vigumu pamoja na homa vinaweza kuwa mapele ngozi, na huo ni ugonjwa wa kutolewa taarifa siku hiyohiyo.

Daktari akihitaji kipimo, nywele na magamba yachukuliwe ukingoni mwa baka ambalo bado halijapakwa kitu, si katikati, kwa sababu katikati fangasi huwa ameshaondoka. Yawekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu na bakteria huota ndani yake. Kwa darubini majibu hupatikana siku hiyohiyo. Watu wa maabara wakiamua kumwotesha fangasi, waandikie wazi kwenye fomu kwamba sampuli ni ya ng'ombe: huyu huota polepole, hupenda joto la nyuzi 37 ambalo halitumiki kwa fangasi wengi wa ngozi, na sahani ikitupwa mapema majibu yataandikwa kuwa hakuna kitu wakati yupo.